Kutoka Kanisani Hadi Kwenye Tabakelo

Tabakelo ni neno ambalo vijana wengi hawalitumii tena. Maana yake ni kijaluba cha ugoro, nalo linavifaa sana visanduku vyeusi vya Urusi ninavyovizungumzia leo, kwani vingi kati ya vile vya kale vilitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1795 mfanyabiashara Pyotr Korobov alianzisha karakana karibu na Moscow, mahali panapojulikana leo kwa jina la Fedoskino, akifuata ufundi aliouona kwa Stobwasser huko Braunschweig, Ujerumani. Baadaye mkwewe, Pyotr Lukutin, aliirithi. Visanduku hivyo si vya mbao, ni vya karatasi. Tabaka za kadibodi hugandishwa, hushindiliwa, hukaushwa, huloweshwa mafuta ya kitani, kisha huokwa tanurini mpaka zikawa ngumu kama mti. Hupigwa msasa na kupakwa rangi, nyeusi nje na mara nyingi nyekundu ndani.

Kinachonigusa zaidi ni kisa cha Palekh, kijiji kilicho mashariki ya Moscow. Kwa vizazi vingi wenyeji wake walichora picha takatifu za makanisa. Mapinduzi ya 1917 yaliifunga biashara hiyo, na mikono iliyozoea kuchora nyuso za watakatifu ikakosa kazi. Mmoja wao, Ivan Golikov, aliviona visanduku vyeusi vya karatasi mjini Moscow, akajaribu kuvichora kwa mtindo wa kwao. Mwezi Desemba 1924 yeye na wenzake 6 waliunda ushirika. Mwaka uliofuata kazi zao zilitunukiwa katika maonyesho ya Paris.

Rangi ya kiini cha yai, dhahabu iliyong'arishwa kwa jino la mbwa mwitu, milima iliyochongoka kama ngazi: vyote vilitoka katika picha takatifu. Kilichobadilika ni maudhui. Mahali pa watakatifu pakaingia wavunaji, farasi watatu wavutao gari, na ngano za Pushkin.

Nawakumbusha washairi wenzangu kuwa nasi tumeipita njia hiyo. Utenzi uliosimulia habari za Mitume ndio huo huo alioutumia Shaaban Robert kusimulia Vita Kuu ya Pili katika Utenzi wa Vita vya Uhuru. Kwa hiyo siafikiani na wanaodai kwamba arudhi izikwe pamoja na mada za kale. Umbo lililokomaa hubeba mzigo mpya bila kuvunjika.

Hata hivyo, tusiifanye historia kuwa tamu kupita kiasi. Wachoraji wa Palekh hawakuhama kwa hiari, na picha iliyokuwa ikiombewa iligeuka bidhaa ya kuuzwa. Ufundi ulisalimika, ibada iliyouzaa ikaachwa nyuma. Anayerithi umbo na aulize pia limeacha nini njiani.