Pumzi ya Watu: Utii na Ukaidi katika Nchi ya Rungwe

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tukuyu hupita Kiwira, mji mdogo wa barabarani ulio chini ya Mlima Rungwe, wenye soko la ndizi na viazi na watu wengi kuliko nafasi. Asubuhi huko huwa na baridi hata miezi ambayo pwani watu hutafuta kivuli. Naianza habari yangu na baridi hiyo kwa kuwa wenyeji wa nchi hii walikuwa na jina la baridi nyingine, isiyotoka mlimani, nayo ndiyo itakayotuonyesha jinsi mtu anavyotiishwa na wenzake na jinsi anavyopata nguvu ya kukataa.

Kwa Kinyakyusa huitwa imbepo sya bandu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya mkalimani mkubwa hapa. Abandu ni watu. Sya ni kiungo cha umilikishi, kama za yetu katika nyumba za watu. Na imbepo ni ndugu wa upepo wetu, ila kwa Wanyakyusa neno hilo hubeba upepo na baridi pamoja. Mama Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilifasiri kuwa ni pumzi ya watu, na tafsiri hiyo ndiyo iliyoenea vitabuni. Mimi ningependa baridi isisahauliwe. Mtu aliyepulizwa na majirani zake alitetemeka kama mwenye homa, akalala chini, na pengine akafa.

Hapana budi kueleza kidogo jinsi nchi ilivyopangwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Mama Wilson aliandika kwamba Wanyakyusa walikaa kwa marika. Wavulana walipofika kama umri wa miaka kumi walitoka katika nyumba za wazazi wao, wakajijengea vibanda vyao pembeni, na kijiji hicho cha watoto kikakua pamoja nao hata wakaoa na kuzeeka humo. Jambo walilolithamini kupita mengi liliitwa ukwangala, yaani kukaa pamoja na rika kwa mazungumzo, kula na kunywa pamoja, na kujifunza adabu kwa kutazamana. Alaye peke yake alitiliwa shaka ya uchawi. Wako waliokuja baadaye kuipima upya sura hii ya jamii, kama Michael McKenny mwaka 1973, na yafaa tuisome kwa hadhari. Lakini habari ya pumzi haitegemei kila kijiji kuwa kilipangwa kama kitabu kinavyosema.

Juu ya vijiji alikaa malafyale, mtawala wa nchi ndogo, na kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, ulifumu, ambaye hakutoka katika ukoo wa watawala. Hapo ndipo penye jambo. Malafyale alikuwa na damu ya utawala, lakini pumzi ilikuwa ya raia. Kijana aliyemtukana baba yake, au mtu aliyekataa kuchinja ng'ombe pale desturi ilipomtaka, alinung'unikiwa na majirani jioni kando ya moto, na manung'uniko yale yakamwingia mwilini. Na malafyale aliyewaonea watu, au aliyekuwa bahili wa nyama na pombe, alipulizwa vivyo hivyo. Dawa ilikuwa kukiri kosa na kuwaandalia majirani karamu. Nao wakishakula walikiri kwa vinywa vyao kwamba ni wao walionung'unika, na sasa yamekwisha. Hata katika ubusoka, sherehe ya kuwakabidhi vijana nchi, iliaminika kwamba malafyale mzee hataishi siku nyingi tena, kwa kuwa pumzi ya watu imekwisha kumgeukia mwanawe.

Basi mtu akiuliza kama Wanyakyusa walikuwa watii au wakaidi, hapati jibu moja. Nguvu ile ile iliyomfanya malafyale aogope kuonea ndiyo iliyomfanya jirani aogope kutofautiana na wenzake. Na wenyewe walijua hatari yake. Walisema kwamba walinzi wa kijiji, abamanga, waonao wachawi usiku, huona kwa nguvu ile ile waliyo nayo wachawi: wote wana chatu tumboni. Tofauti ni kwamba mmoja hufanya kwa haki na mwingine kwa choyo. Lakini ni nani atakayeamua kuwa baridi iliyompata fulani ilikuwa haki? Aliyepata ng'ombe wengi upesi, au aliyevuna kupita wenzake, angeweza kupulizwa bila kosa, na kijiji kizima kikaamini kuwa kimetenda sheria.

Zamani swali hilo liliamuliwa kwa umwafi, dawa ya kunywa ambayo Waswahili waliijua kwa jina la mwavi, mpaka serikali za kikoloni zilipoipiga marufuku. Lakini ilikuwako njia nyingine, nayo naiona kuwa kiini cha habari yote. Mtu aliyeshindwa kuelewana na kijiji chake alihama. Kinyakyusa husema ukusama, na tazama jinsi s yao ilivyokaa mahali pa h yetu katika kuhama. Alifunga vyombo vyake, akawachukua wake na ng'ombe, akaenda kwa malafyale mwingine au kijiji kingine cha nchi ile ile. Na huko alipokelewa, maana ardhi ilikuwapo na kila mkuu alitaka watu. Hata aliyeshtakiwa uchawi alipokelewa. Kosa lililomfukuza hapa halikumfunga kule. Ukaidi ulikuwa na mlango wa nyuma, na mtawala alijua kwamba raia wake wanaujua.

Nimesema hivyo kwa sababu wasomi wengi, wanapoulizwa kwa nini mtu mmoja hukataa pale wengi wanapokubali, hutaja tabia yake: fulani ni jasiri, fulani alizaliwa na kichwa kigumu. Nadhani hilo ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo. Mwaka 1951 Solomon Asch, wa Marekani, alichapisha majaribio ambamo mtu alitakiwa kulinganisha urefu wa mistari mbele ya kundi lililopangwa kusema uongo. Katika theluthi moja hivi ya majibu, watu waliyakana macho yao wenyewe wakafuata kundi. Walakini mtu mmoja tu katika kundi alipotoa jibu la kweli, kukubali huko kulipungua hata robo ya kwanza. Stanley Milgram, katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1961 na 1962, aliwaamuru watu wamwadhibu mwenzao kwa umeme, ambao kwa kweli haukumfikia. Katika watu 40, waliotii mpaka mwisho walikuwa 26. Walipokaa pamoja na wenzao wawili waliokataa mbele yao, waliotii mpaka mwisho walikuwa 4 tu.

Nami sikuhitaji kwenda mbali kusadiki hayo. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, mwalimu mmoja alituandikia ubaoni maneno ya Kinyakyusa akiyawekea alama za toni, za juu na za chini. Nilijua kwamba Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, kimeipoteza toni, na mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho kama wa Kiswahili. Niliinamisha kichwa nikanakili alama zote. Kisha mwanafunzi mmoja, ambaye hata Afrika hakupata kufika, akauliza kwa upole kama alama zile zina hakika. Hapo ndipo sauti yangu iliponitoka, tena kwa ushujaa mwingi. Wiki nzima nikajiona shujaa, mpaka nilipokumbuka ni nani aliyetangulia.

Tukirudi Rungwe, jambo hilo hilo laonekana katika historia ya misheni. Wamoravian walifika mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa mmojawapo, wakajenga si mbali na hapo Kiwira ilipo leo. Miaka ilipita bila ubatizo. Ndipo mwaka 1897 akabatizwa wa kwanza, mwanamke aitwaye Fiabarema, akapewa jina la Numwagire, maana yake nimempata. Kwa desturi, kuacha matambiko ya ukoo kulikuwa kuwaita wazee na majirani wakupulizie. Lakini misheni ilikuwa na ardhi yake, na juu ya ardhi hiyo Wakristo walikaa pamoja. Imani yao siipunguzi hata kidogo kwa kusema kwamba walikuwa pia na mahali pa kukaa na watu wa kula nao. Walihama, kama walivyohama wengine kabla yao, wakapata ukwangala mwingine.

Na ukwangala huo mpya ukawa na baridi yake. Mwenye wake wawili hakupokelewa mezani pa Bwana. Kwa mzee wa Kinyakyusa, na zaidi kwa malafyale, ambaye heshima yake ilikuwa katika wingi wa wake na wa wageni waliolishwa nao, agizo hilo lilikuwa zito: amfukuze mama wa watoto wake, au abaki nje. Wengi walibaki nje kimya. Mambo yaligeuka lilipotokea kanisa liitwalo African National Church, lililoanzishwa Nyasa ya Kaskazini mwaka 1928, ambalo Paddy Nyasulu alilieneza katika wilaya ya Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kanisa hilo lilimkubali mwenye wake wengi. Waliojiunga nalo walikuwa Wakristo wa miaka mingi, wasomaji wa Biblia, ambao hawakutaka kurudi katika matambiko wala kuendelea kungoja mlangoni. Hawakupata ujasiri mpya usiku mmoja. Walipata benchi la kukaa.

Wakati huo huo mlango wa zamani ulikuwa ukifungwa. Tangu mwaka 1926 Waingereza waliwatawala watu kwa mikono ya machifu waliotambuliwa na serikali, na malafyale mwenye mahakama, mshahara na askari nyuma yake hakuwa na sababu kubwa ya kuogopa manung'uniko ya jioni. Kisha ikaja kahawa. Mhindi na maharage huvunwa, mtu akaondoka; mbuni hukaa miaka mingi, na aliyeupanda hawezi kuufunga pamoja na vyombo. P. H. Gulliver, aliyeichunguza ardhi ya Wanyakyusa katika miaka ya 1950, alionyesha jinsi mashamba ya kahawa ya milimani na ya mpunga ya bondeni yalivyogeuka kuwa mali ya mtu na wanawe, na vijiji vya marika vikapoteza nguvu. Kwa maoni yangu, mbuni ulimtiisha Mnyakyusa kuliko sheria yoyote ya bwana shauri. Aliyekosana na jirani sasa alikaa naye, au akamshtaki barazani. Uchifu wenyewe ulifutwa nchini mwaka 1963, lakini hilo halikuifungua tena ardhi.

Waliotaka kuhama walilazimika kwenda mbali: migodini Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini, au ng'ambo ya milima, Usangu, kulima mpunga. Huko Usangu vimo hadi leo vijiji ambavyo jioni husikika Kinyakyusa, mbali sana na baridi ya Kiwira.