Edlin

Edlin ni programu ya kuhariri matini iliyoandikwa na Tim Paterson mwaka 1980 kwa mfumo wa 86-DOS, kisha ikarithiwa na MS-DOS. Haionyeshi ukurasa mzima. Mtumiaji huuita mstari kwa namba yake, kisha huandika L kuorodhesha, I kuingiza, D kufuta, E kuhifadhi na kutoka. Uchache huo wa amri ndio uzuri wake, kwani mtu huona faili likijengwa mstari baada ya mstari. Ni programu ya biti 16, hivyo Windows ya biti 64 haiwezi kuiendesha. Inahitaji programu ya kuigiza kompyuta ya zamani, kama DOSBox, au mfumo huria wa FreeDOS, wenye Edlin yake iliyoandikwa upya.