Ndege za Majini za Kipevu

Sisi wa Mombasa tunaijua Kipevu kwa makontena na matangi ya mafuta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa kituo cha ndege zilizotua majini.

Februari 1943 Jeshi la Anga la Uingereza liliunda hapo Skwadroni ya 259 ya ndege aina ya Catalina, ili kuwinda nyambizi zilizozamisha meli za mizigo. Catalina haikuwa na mbio, ila ilikuwa stahimilivu: injini mbili, na mafuta ya kukaa angani hata saa 20. Ndani mlikuwa na vitanda na jiko dogo. Wengine wakilala, wenzao walikaa kwenye vioo vilivyotuna ubavuni, macho baharini.

Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina zilizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Lakini Februari 1944 Wajapani wakaizamisha meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Doria ilipunguza hatari, haikuimaliza. Hao marehemu wetu ndio ningependa watoto wa hapa wafundishwe habari zao.