Hodi na Muda wa Kuitikia: Historia ya Kipimo Kimoja cha Kompyuta

Katika Nyanda za Juu za Kusini elimu ya kompyuta imekwisha kuota mizizi. Huko Mbeya, chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1986 kiligeuzwa kuwa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. Huko Iringa, chuo kikuu kishiriki cha Tumaini kilianza kozi ya shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Masomo hutolewa kwa Kiingereza. Lakini mwanafunzi akitoka darasani humweleza mwenziwe kwa Kiswahili, na hapo ndipo maneno yetu yanapojaribiwa. Katika makala haya nakusudia kulitazama neno moja tu, yaani kukatiza, na kuonyesha kwamba neno likikosa usahihi, kipimo nacho hukosa usahihi.

Kompyuta za mwanzo zilipotaka kujua kama kifaa fulani kimemaliza kazi yake, hazikuwa na budi kukiuliza tena na tena. Zilifanana na mama atwangaye nafaka uani, ambaye kila mara huuweka mchi chini akaenda mlangoni kutazama kama mgeni amefika. Mwaka 1954, huko Marekani, mashine iitwayo DYSEAC ilipewa njia nyingine: kifaa chenyewe hupiga ishara, mashine ikaacha kazi iliyo mkononi, ikakihudumia kifaa, kisha ikarudi pale pale ilipoachia. Muda si mrefu mashine ya UNIVAC 1103A ikatumiwa kwa namna hiyo katika maabara ya Cleveland, ambako habari za majaribio ya upepo zilifika wakati mashine inashughulika na hesabu nyingine.

Jambo hili kwa Kiswahili huitwa kukatiza. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mtu aliyekatiza masomo ameyaacha. Neno halituahidi kwamba atarudi. Kudakiza nako ni kuingilia maneno ya mwenzio kabla hajamaliza, na mna utovu wa adabu ndani yake. Kifaa hakifanyi hata moja kati ya hayo. Kifaa hubisha hodi. Mwenye nyumba husikia, huitikia "karibu", humpokea mgeni, kisha huurudia mchi wake.

Tukilitazama jambo kwa njia hiyo, twaona mara moja kwamba nyakati za kupimwa ni tatu. Kwanza ni muda wa kuitikia, tangu hodi ipigwe hata kiini cha mfumo endeshi kianze kujibu. Pili ni muda wa kuhudumu. Tatu ni muda wa kuamsha, hata ile programu iliyokuwa ikiingojea habari ianze kwenda. Asemaye "muda wa kukatiza" peke yake hajulikani apima upi, na watu wawili waweza kupata tarakimu mbali mbali, wote wakawa wakweli.

Historia yatufundisha pia kwamba wastani hautoshi. Mashine imsaidiayo mgonjwa kupumua haina faida ikiitikia upesi mara elfu, kisha ikachelewa mara moja. Kwa hiyo wapimaji hutafuta muda mrefu kupita yote. Katika mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, kiini huweza kuziba masikio kwa kitambo kifanyapo kazi isiyoweza kuachwa nusu. Kwa miaka mingi mafundi walijitahidi kuvipunguza vitambo hivyo, na mwaka 2024 matengenezo yao yakaingizwa katika Linux yenyewe. Chombo chao mashuhuri cha kupimia, cyclictest, kiliandikwa na Thomas Gleixner. Chombo hiki huomba kuamshwa kwa saa maalumu, kikaamka, kikatazama saa, kikaandika umechelewa kiasi gani, kwa sehemu za milioni za sekunde. Kwa hiyo kipimo chake hujumlisha kuitikia na kuamsha pamoja.

Kuna na hatari nyingine. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza kwamba hodi zikizidi, mashine yaweza kushinda ikiitikia tu, isimalize kazi hata moja. Mtaka yote hukosa yote. Dawa yake ilikuwa kurudia desturi ya kale: hodi zikiwa nyingi mno, mashine huzizima kwa muda, ikaenda yenyewe mlangoni kutazama.

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa mashine hizo. Mwanafunzi wa siku hizo asingeweza kupima neno lo lote. Leo mwanafunzi wa Iringa au Mbeya mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuipakia Linux na kuvipima vitambo hivi mwenyewe, pasipo kuagiza chombo cho chote kutoka ng'ambo. Kilichosalia ni maneno. Kwa hiyo napendekeza ishara ya kifaa iitwe hodi; ukatizaji libaki kuwa jina la kule kusimama kwa kazi; na zile nyakati tatu kila moja iwe na jina lake. Wataalamu wenzangu wenye maneno bora kuliko haya na wayalete, mradi yasivichanganye vipimo vitatu kuwa kimoja.