Msitu wa Ntakata na Wenyewe

Msitu wa miombo haufi upesi. Mninga ukikatwa, kisiki huchipua. Shamba likiachwa, mizizi iliyobaki chini hutoa machipukizi mvua zinaporudi. Anayetaka kuufufua hana haja ya miche mingi. Kazi yake ni kuuzuilia moto wa kiangazi, shoka na jembe, mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo inataka mtu anayelala karibu nao.

Huku Katavi, magharibi mwa Tanzania, watu wa namna hiyo walikuwapo tangu zamani. Wabende humtaja Katabi, mwindaji ambaye mzimu wake unaaminika kukaa kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiweka sadaka shinani pake. Hifadhi ya taifa na mkoa vyote vina jina lake. Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1920 na baada yake, Waingereza waliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, mbali na mbung'o wanaoueneza. Mahame yakageuka pori, na wageni waliofika baadaye wakadhani hapakuwahi kuwa na mtu.

Mwaka 1950 reli ilifika Mpanda kufuata madini ya risasi. Mwaka 1974 Katavi ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1998 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba zipatazo 4,471. Ndani ya mpaka kulikuwa na askari. Nje, msitu ulionekana hauna mwenyewe: huyu alichana mbao, yule alichoma mkaa, mwingine alitafuta kuni za mabani ya tumbaku. Lakini maji hayajui mpaka. Mto Katuma hutoka nje ya hifadhi kabla ya kuingia ndani, na mabanio ya mashamba ya mpunga yalipoongezeka huko juu, viboko walianza kusongamana kwenye madimbwi ya tope wakati wa kiangazi. Hapo ilionekana wazi kwamba hifadhi haiwezi kujilinda peke yake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilikipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia. Katika milima ya Ntakata, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani humu, vijiji vinane, vikiwemo Mwese, Katuma na Lugonesi, viliutumia uwezo huo. Naona inafaa tukae kidogo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maana uamuzi mzito ulifanyika pale. Kupanga matumizi ya ardhi maana yake ni kumwambia jirani kwamba bonde alilolikusudia kwa ajili ya wanawe halitalimwa. Wazee wa ukoo walikuwa na sauti, vijana wasio na mashamba nao walikuwa na sauti, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Watu waliokubali hilo walitoa kitu kikubwa kabla hawajaona shilingi.

Mradi wa kuuza kaboni inayotunzwa na msitu, ulioanza mwaka 2017 pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania, ndio ulioleta fedha, na leo unahusu zaidi ya hekta 200,000. Mapato yamejenga madarasa na zahanati, na yanalipa posho za vijana wa doria. Nayafurahia kwa moyo wote. Hata hivyo, bei ya kaboni hupanda na kushuka katika masoko ya mbali, na msitu hauwezi kungoja soko. Ndiyo maana nawapa heshima ya kwanza wajumbe wa kamati za maliasili: wakulima wanaoacha palizi kwenda kufyeka mpaka, wanaochoma nyasi mapema zikiwa bado na unyevu ili moto mkali wa Septemba ukose cha kula, na wanaomwendea mfugaji mgeni kumwonyesha mpaka kabla hajaweka boma. Sokwe wa Ntakata wanaishi katika misitu ya mabonde ambayo watu hao wamekataa kuilima.