Nyoka Ndani ya Bapa: Historia, Visasili na Majina ya Panga za Waviking



Yamkini wapo waliojiuliza, walipoona tangazo la mhadhara huu, upanga wa Waviking umefuata nini katika ukumbi wa taaluma za Kiswahili. Swali hilo ni la haki. Huko Ulaya na Marekani wako wahunzi wa leo wanaofua kwa mkono panga za mtindo wa Waviking, yaani wale mabaharia, wafanyabiashara na wavamizi wa Skandinavia ambao zama zao aghalabu huhesabiwa tangu shambulio la Lindisfarne la mwaka 793 hadi mwaka 1066. Wengi wa wahunzi hao husema kwamba kazi yao inachanganya historia na visasili. Sina ugomvi nao. Lakini achanganyaye vitu viwili sharti kwanza ajue kipi ni kipi, na hapo ndipo tatizo lao linapokuwa letu. Sisi tusomao tendi na simulizi za kale tuna mazoea mawili mabaya: ama tunalipokea kila neno la masimulizi kuwa ni historia, ama tunayatupa yote kuwa ni ngano. Upanga huu unatufundisha kwamba iko njia nyingine, na kwamba mwanaisimu hawezi kuipita peke yake bila ya mhunzi.

Tuanze na chuma chenyewe. Kiswahili kina jina linalokaribia kuufaa: upanga wa feleji, ambao ni mrefu, ulionyooka na wenye makali pande mbili. Wa Waviking ulikuwa na urefu wa jumla wa takriban sentimita 90, na uzito wake mara nyingi ulikuwa kati ya kilo 1 na kilo 1 na nusu. Haukuwa gogo la chuma kama filamu zinavyotuonyesha. Katikati ya bapa palipita mfereji mpana uliopunguza uzito bila ya kudhoofisha upanga, na mwisho wa mpini palikuwa na kirungu kilichosawazisha bapa mkononi. Mnorwe Jan Petersen aliziainisha panga hizi mwaka 1919 kwa kufuata maumbo ya mipini, akazipa aina zake herufi za alfabeti. Wanaakiolojia wanazitumia herufi hizo hadi leo.

Uzuri wa kazi, hata hivyo, ulikuwa ndani ya bapa. Mhunzi wa kale hakuwa na chuma kilicho sawasawa. Alikuwa na vipande vilivyotofautiana: hiki laini, kile kigumu kwa sababu ya kaboni, na kingine chenye fosforasi. Alivipanga matabaka, akavitia motoni huku mvukuto ukivuma, akavifua juu ya fuawe mpaka vikashikana kuwa ufito mmoja. Ufito huo aliusokota ungali mwekundu, kama asokotaye kamba. Fito mbili, tatu au zaidi, mmoja umesokotwa kuelekea kulia na jirani yake kuelekea kushoto, zililazwa ubavu kwa ubavu na kufuliwa tena ziwe kiini cha bapa. Kisha chuma cha pua kiliunganishwa pembeni kiwe makali. Moto ukipungua kidogo, vyuma havishikani. Ukizidi kidogo, vinaungua. Baada ya hayo yote bapa hutiwa moto na kupozwa ghafula ili makali yakaze, na hapo linaweza kupinda au kupasuka, kazi ya siku nyingi ikapotea kwa mlio mmoja mdogo. Likisalimika, hunolewa na kusuguliwa, na misokoto ile hujitokeza juu yake kama mawimbi au magamba. Mhunzi akinoa zaidi, akaingia ndani ya msokoto, mchoro hubadilika umbo.

Istilahi ya Kiingereza ya mbinu hii iliundwa na Herbert Maryon mwaka 1948. Mimi nitaiita ufuaji wa msokoto. Mwaka 1961 J. W. Anstee na L. Biek walichapisha matokeo ya majaribio ambamo bapa la namna hii lilifuliwa upya, hatua kwa hatua. Wahunzi wa leo ni warithi wa majaribio ya aina hiyo, wajue wasijue. Kwa hoja yangu, muhimu ni tarehe: mbinu hii ilistawi Ulaya hasa kabla ya Waviking, ikaendelea katika zama zao, na kufikia karne ya 10 ilikuwa imefifia kwa bapa za panga kwa kuwa chuma bora kilipatikana. Saga za Aisilandi, ambamo tunasoma habari za panga maarufu, ziliandikwa zaidi katika karne ya 13.

Sasa tuitazame saga moja, ile ya mshairi Kormákr. Kormákr anakwenda kuazima upanga uitwao Sköfnungr, ambao inasemekana ulitolewa kaburini mwa mfalme Hrólfr kraki. Mwenye upanga anampa masharti. Jua lisiuangaze mpini. Asiuchomoe mpaka wakati wa kupigana. Akifika uwanjani akae peke yake, auchomoe, alipulizie bapa pumzi, na nyoka mdogo atatambaa kutoka chini ya mpini; kisha auinamishe upanga ili nyoka arudi kwa urahisi alikotoka. Kormákr hana subira. Anayavunja masharti, na upanga unatoka alani ukigumia, baraka yake imekwisha kuharibika.

Msomaji wa haraka atasema: uchawi. Mtaalamu wa visasili ataongeza kwamba nyoka mlinzi yuko duniani kote. Lakini mwulize mhunzi. Bapa la msokoto lililosuguliwa sana huwa halionyeshi mchoro vizuri. Ukilipulizia pumzi, unyevu huganda juu yake na misokoto huonekana, ikianzia kwenye mpini na kwenda mbele kama kitu kinachotambaa. H. R. Ellis Davidson, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu upanga katika Uingereza ya Waanglo-Saksoni, aliihusisha habari ya Sköfnungr na michoro ya aina hii. Barua ya mfalme Theodoric, iliyoandikwa na Cassiodorus mwanzoni mwa karne ya 6, inasifu panga ambazo mfereji wake wa katikati unaonekana kama una vijinyoo vinavyojipinda. Na neno la Kinorsi cha kale, ormr, lilimaanisha nyoka, mnyoo na hata joka. Mtu aliyeuona mchoro huo na kuuita ormr hakuwa anabuni. Alikuwa anaeleza alichokiona. Mbinu ikatoweka, maelezo yakabaki, na wasimulizi wasiojua tena chanzo chake wakampa nyoka uhai.

Nisieleweke kwamba kila ajabu ina fundi nyuma yake. Katika saga ya Wavölsungr, Reginn anamfulia Sigurðr upanga Gramr kutokana na vipande vya upanga uliovunjika, naye Sigurðr anaupasua fuawe kwa pigo moja, halafu anautumbukiza mtoni na kuachia sufu ielee. Sufu inakatika inapogusa makali. Jaribio hilohilo la mtoni tunalikuta kwa mhunzi Velent katika saga ya Þiðrekr. Linapozunguka hivyo kutoka kwa shujaa hadi shujaa, ni fomula ya masimulizi, kama zile tunazozifahamu katika tendi zetu, nalo halituambii lolote kuhusu upanga fulani. Nyoka wa Sköfnungr ni tofauti: ana masharti yake, ana mahali pake juu ya bapa, na hafanyi kazi yoyote katika pigano. Jambo lisilo na kazi katika kisa mara nyingi limetoka nje ya kisa.

Mfano wa karibu nasi uko Katuruka, mkoani Kagera, kwenye mahali pa ibada panapoitwa Kaiija. Simulizi za Wahaya zinasema kwamba wafua chuma wa mfalme Rugomora Mahe walifua hapo chuma cha kujengea mnara wa kufika mbinguni. Peter Schmidt alipochimba mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakukuta mnara. Alikuta mabaki ya ufuaji wa chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mnara ni kisasili, mahali ni historia.

Nimekuwa nikiandika Sköfnungr bila ya kueleza jinsi nilivyolipatanisha jina hilo, na mwanafunzi wa sarufi ana haki ya kulalamika. Katika Kinorsi cha kale sverð, yaani upanga, ni nomino isiyo ya kiume wala ya kike. Lakini upanga ukipewa jina, huiacha jinsi hiyo. Gramr, Tyrfingr, Sköfnungr na Fótbítr ni majina ya kiume. Grásíða wa saga ya Gísli, uliovunjika na kufuliwa upya kuwa mkuki, ni jina la kike. Sitaki kujenga ghorofa juu ya jambo hili peke yake, maana katika lugha hiyo hata jiwe ni la kiume. Ila viambishi vinasaidia. Kiambishi -ingr au -ungr kilicho katika Tyrfingr na Sköfnungr ndicho kinachounda majina ya watu wa ukoo fulani, kama Wavölsungr hao niliowataja. Na -bítr ni mtenda: Fótbítr ni Mng'ata-mguu, Leggbítr wa mfalme Magnus aliyefariki mwaka 1103 ni Mng'ata-muundi, na Kvernbítr wa Hákon Mwema ni Mng'ata-jiwe-la-kusagia.

Tazama Kiswahili kinavyolazimika kufanya. Upanga umevunjika, lakini Mng'ata-mguu, je, umevunjika au amevunjika? Kiambishi m- cha mtenda kinavuta upande wa M-WA, nasi tunafahamu jinsi ngeli hiyo isivyopokea kitu kisicho na uhai ila kwa sababu. Ningekuwa mfasiri wa saga hizi ningeandika amevunjika, na ningeacha msomaji ashtuke kidogo. Kwani hapo, katika upatanisho, ndipo upanga unapoingia kwenye kisasili. Nyundo haikuufikisha huko.

Yako pia majina yaliyoandikwa ndani ya chuma, nayo yana tabia nyingine kabisa. Zipatazo panga 170 zinajulikana zenye neno ULFBERHT, lililofuliwa kwa vipande vya chuma juu ya bapa, aghalabu hivi: +VLFBERH+T. Zimepatikana kutoka Norwe hadi eneo la mto Volga, na ni za karne ya 9 hadi ya 11. Jina ni la Kifaranki, herufi ni za Kilatini, na alama za msalaba ni za Kikristo. Wengi walioshika panga hizo waliabudu Óðinn na Þórr. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa muda wa karibu miaka 200, Ulfberht hakuweza kuwa mtu mmoja. Mwaka 864 Charles Mwenye Upara alitoa amri mjini Pîtres kwamba atakayewauzia watu wa kaskazini silaha atauawa. Amri kali namna hiyo haitolewi kama biashara haipo. Na mwaka 922 Ibn Fadlan, aliyewaona Warus kwenye Volga, aliandika kwamba panga zao zilikuwa pana, zenye mifereji, za Kifaranki.

Baadhi ya panga hizo zina kaboni nyingi sana. Alan Williams amedai kwamba chuma chake kiliyeyushwa katika vyungu huko Mashariki na kuletwa kwa njia ya Volga, wengine hawakubali. Msikilizaji wa pwani atakumbuka mara moja kwamba al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, anataja chuma cha Sofala kilichopelekwa India na kusifiwa kwa ubora. Kishawishi ni kikubwa: Sofala, India, Volga, Norwe! Lakini al-Idrisi aliandika mwishoni kabisa mwa habari hii, na hakuna uchunguzi wa chuma unaounganisha ncha hizo mbili. Hivi ndivyo visasili vipya vinavyozaliwa, tena vyuoni.

Jambo la mwisho ni maandishi. Baadhi ya panga za Ulfberht zina herufi zilizopinduliwa au kukosewa, kazi ya mafundi walioiga alama wasiyoweza kuisoma. Wahunzi wa leo nao huwa na kosa la jinsi hiyo: huchora majina ya saga kwa runi za mfumo wa kale wenye alama 24, ilhali Waviking walitumia mfumo uliopunguzwa hadi 16, ambamo alama moja ilibeba k na g, na nyingine t na d. Wasomaji wa miswada yetu ya hati za Kiarabu, ambamo herufi moja husomwa b, p au mb, hawatashangaa. Nisingelitaja kosa hili dogo kama historia ya karibuni isingekuwa chungu. Kofia zenye pembe zilienezwa na mavazi ya opera ya Wagner ya mwaka 1876, na hilo ni la kuchekesha. Runi zilizotolewa katika muktadha wake zilibandikwa kwenye sare za SS za Wanazi, na hilo halichekeshi.

Mhunzi akiniuliza aandike nini juu ya bapa lake, nitamshauri aliache tupu, kama zilivyo nyingi za kale, au aige +VLFBERH+T pamoja na misalaba yake. Tyrfingr au Sköfnungr aliandike kwenye karatasi inayofuatana na upanga, na pembeni ataje ni saga ipi alikolitoa, na iliandikwa karne gani.