Rangi Saba za Pipi

Mwaka 1907 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa orodha fupi ya rangi za kutengenezwa kiwandani zilizoruhusiwa kutiwa kwenye chakula. Zilikuwa saba tu: nyekundu tatu, na moja moja ya chungwa, manjano, kijani na bluu. Leo sita kati ya hizo zimekwisha kupigwa marufuku na nchi ileile iliyozichagua, na iliyosalia ni bluu peke yake. Anayejiuliza kwa nini pipi inayouzwa halali Chicago yaweza kuwa haramu kisheria Hamburg, na afuate safari ya rangi hizo. Humo atakuta mvutano wa muda mrefu kati ya faida ya mwenye kiwanda na afya ya mtoto, na ataona kwamba mara nyingi sheria ilifika baada ya watoto kuumia.

Kabla ya orodha hiyo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika Uingereza ya karne ya 19, pipi zilipakwa rangi kwa madini. Manjano ilitokana na kromati ya risasi, nyekundu ilitokana na risasi au zebaki, na kijani ilitokana na shaba. Mkemia Mjerumani aliyeishi London, Friedrich Accum, aliyafichua hayo katika kitabu chake cha mwaka 1820. Miaka thelathini baadaye daktari Arthur Hill Hassall alinunua vyakula madukani, akavichunguza kwa hadubini, na jarida la kitabibu la The Lancet likachapisha matokeo yake pamoja na majina na anwani za wauzaji. Ulikuwa ujasiri wa pekee, kwa sababu mahakama zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kushtaki.

Hata hivyo, kilichowaamsha wengi ni msiba wa Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza.

Sukari wakati ule ilikuwa ghali, na ushuru wake ulikuwa bado haujafutwa. Watengenezaji wa pipi walipunguza gharama kwa kuichanganya na unga wa jasi, uliouzwa kwa bei ya kutupa. Mwishoni mwa Oktoba 1858, mtengenezaji mmoja wa Bradford, Joseph Neal, alimtuma mtu aende akanunue unga huo kwenye duka la dawa la Charles Hodgson huko Shipley. Hodgson alikuwa mgonjwa kitandani. Msaidizi wake alielekezwa kwamba unga umo ndani ya pipa, pembeni darini. Alipanda, akachota kwenye pipa lisilo lenyewe, akapima ratili 12 za unga mweupe. Ulikuwa arseniki.

Fundi aliyezipika pipi hizo za mnanaa aliona kwamba hazifanani na za siku zote, na yeye mwenyewe akashikwa na kutapika na maumivu ya viungo. Kazi haikusimama. Mchuuzi William Hardaker, ambaye wateja walizoea kumwona sokoni, naye aliona kuwa rangi ya pipi hizo si ile aliyoizoea, akaitumia kasoro hiyo kuomba apunguziwe bei. Alipunguziwa. Jumamosi ya tarehe 30 Oktoba alipanga bidhaa yake mezani, akauza kiasi cha ratili tano kabla siku haijaisha. Watoto wawili wa kwanza walipofariki, watu walidhani ni kipindupindu. Kufikia mwisho watu wapatao 20 walikuwa wamekufa, na zaidi ya 200 waliugua.

Washtakiwa walikuwa watatu, na hakuna aliyetiwa hatiani. Kuchanganya sukari na jasi hakukuwa kosa, na kuweka sumu kwenye pipa lisilo na maandishi ya kueleweka hakukuwa kosa pia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo linauma kuliko uzembe wa yule kijana aliyepanda darini. Kila mmoja katika mlolongo ule aliona dalili fulani, na hakuna sheria iliyomlazimisha asimame. Bunge lilipitisha sheria ya kwanza dhidi ya uchakachuaji wa chakula mwaka 1860, lakini iliziachia halmashauri hiari ya kuajiri wakaguzi, nyingi zikakaa kimya. Sheria yenye meno ilipatikana mwaka 1875.

Wakati huo rangi za aina mpya zilikuwa zimeingia sokoni. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 wa London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, akapata zambarau iliyokolea. Baada yake wakemia walitoa rangi nyingine nyingi kutoka kwenye lami hiyo. Zilibuniwa kwa ajili ya nguo, lakini watengenezaji wa pipi, siagi na jemu walizipenda upesi, kwa kuwa tone dogo lilitosha pipa zima na rangi haikupauka.

Marekani ndiko rangi hizo zilikotapakaa bila mipaka, hadi mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, Harvey Wiley, alipoamua kupambana. Mwaka 1902 alikusanya vijana 12 waliojitolea kula chakula kilichotiwa dawa za kuhifadhi kama boraksi na fomalini, huku afya yao ikipimwa. Magazeti yaliwaita kikosi cha sumu. Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya chakula na dawa mwaka 1906, na Wiley akamkabidhi mtaalamu Bernhard Hesse kazi ya kuchambua rangi. Hesse alipitia rangi 80 hivi zilizokuwa sokoni, akazibakiza saba.

Ya chungwa ndiyo iliyoleta kishindo cha kwanza. Katika sikukuu ya Halloween ya mwaka 1950 watoto waliugua baada ya kula pipi za rangi hiyo, nayo ikaondolewa miaka michache baadaye. Kishindo hicho kilizipa nguvu hoja za mbunge James Delaney, aliyekuwa akichunguza kemikali katika vyakula. Kifungu chenye jina lake kiliingia kwenye sheria mwaka 1958, na mwaka 1960 kikaelekezwa kwenye rangi pia: kitu chochote kikionekana kusababisha saratani kwa binadamu au mnyama, hakiruhusiwi chakulani, hata kwa kiasi kidogo kiasi gani. Nyekundu moja, manjano na kijani zilitoweka katika miaka hiyohiyo.

Amaranti, nyekundu iliyopendwa kuliko zote, ilidumu hadi mwaka 1976. Watafiti wa Urusi ya Kisovieti walikuwa wamedai kuwa inawapa panya saratani, na Marekani ikaifuta ingawa ushahidi ulibishaniwa. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ya Mars iliondoa M&M's nyekundu kwenye pakiti zake, japo hazikuwa na amaranti hata chembe. Zilirudi mwaka 1987. Kanada, jirani wa mlango kwa mlango, iliendelea kuiruhusu amaranti, na Ulaya inaikubali hadi leo katika vitu vichache kama mayai ya samaki.

Eritrosini, ile nyekundu yenye kung'aa, historia yake inasikitisha zaidi. Mwaka 1990 Marekani iliipiga marufuku kwenye vipodozi kwa sababu ya uvimbe ulioonekana katika tezi za panya. Kwa hiyo ikawa haramu kuipaka mdomoni, na halali kuimeza. Hali hiyo ilidumu miaka 35, hadi Januari 2025 ilipofutwa kwenye chakula pia, na viwanda vikapewa hadi Januari 2027. Ulaya ilikuwa imeibana tangu miaka ya 1990, ikairuhusu kwenye cheri za kuhifadhiwa tu.

Ulaya yenyewe ilipita njia nyingine. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton waliwapa watoto karibu 300 vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi sita na dawa ya kuhifadhi, wakaona utukutu ukiongezeka kwa baadhi yao. Rangi hizo hazikupigwa marufuku. Tangu Julai 2010 kila bidhaa yenye mojawapo ililazimika kuandikwa kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Wenye viwanda wengi waliona heri wabadilishe mapishi kuliko kubandika onyo kama hilo. Ndiyo maana Fanta ya Uingereza hupakwa rangi kwa karoti na boga, na ya Marekani hupakwa kwa rangi za kiwandani. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi, ukaizuia titani dioksidi, unga unaozipa pipi weupe, kwa sababu wataalamu hawakuweza tena kuthibitisha usalama wake. Uingereza, iliyokwisha kujitoa kwenye Umoja huo, haikufuata.

Si kila marufuku inahusu sumu. Singapore ilizuia bablishi mwaka 1992 kwa ajili ya usafi wa mji na treni zake. Yai la chokoleti la Kinder Surprise halipatikani Marekani kwa kuwa sheria ya mwaka 1938 inakataza kuficha kitu kisicholiwa ndani ya pipi.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina pipi yake ya asili. Mpishi wa mabuyu huchemsha sukari na maji hadi shira ishike, akatia iliki, pengine na pilipili, kisha rangi nyekundu, halafu humimina kokwa za ubuyu na kuzigeuza haraka kabla hazijagandana. Kuanzia Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, mtoto aliyekula mabuyu hujulikana kwa ulimi na vidole. Ubuyu wenyewe ni chakula chema. La kuulizwa ni ile rangi: ni ya chakula au ya kitu kingine, na ni ipi hasa? Kenya ina sheria ya chakula, dawa na kemikali tangu miaka ya 1960, na Tanzania ilikabidhi usimamizi wa usalama wa chakula kwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Lakini mkaguzi hafiki kwenye kila sufuria ya uani.

Mzazi anaweza kuanza na pakiti. Eritrosini huandikwa E127, amaranti E123, titani dioksidi E171, na rangi za Southampton ni E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Zinapatikana kwa maandishi madogo nyuma ya pipi nyingi madukani. Na anayenunua mabuyu ya kupimwa kwa kikombe, amwombe muuzaji amwonyeshe kopo la rangi. Muuzaji anayejua anachokipika hatakosa kulitoa.